Maelezo ya Fundi Nuhu Kuhusu Breki za Gari la Dastani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Ruangwa. Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, saa 7:20 mchana.

Jina: Nuhu Ismaily Namkope. Umri: miaka 43. Kabila: Mmwera. Dini: Mwislamu. Kazi: fundi magari. Makazi: Nachingwea mjini.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Natengeneza magari Nachingwea, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Dastani namfahamu. Ana kirikuu cha kubebea mizigo, anakiendesha mwenyewe, na kikiharibika hukileta kwangu.

Mnamo tarehe 16 Oktoba 2025, siku ya Alhamisi, saa 2:00 asubuhi, Dastani aliniletea gari hilo. Breki za mbele zilikuwa zinang'ang'ania na magurudumu yanapata moto. Alikuja na kalipa mbili mpya, yaani vile vyuma vinavyobana pedi za breki, na pedi zake. Kalipa zilikuwa kwenye boksi moja na kwa macho zinafanana. Nilizifunga mwenyewe, moja kushoto, moja kulia.

Baada ya hapo nikatoa upepo ulioingia kwenye breki. Dastani alikanyaga pedeli, mimi nikafungua nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakatoka masafi bila povu. Lakini pedeli ilibaki laini. Ukikanyaga inazama karibu na sakafu, ukipampu mara tatu inapanda. Nilirudia kazi hiyo mara tatu. Nikakagua mipira ya breki, haikuvuja. Nikatazama masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, kavu. Ilipofika saa 5:00 nilikuwa nimeishiwa la kufanya.

Dastani akaniuliza, "Fundi, mbona bado inabonyea?"

Nikamjibu, "Pedi mpya hizo. Zikishazoeana na diski itakaa sawa. Ukiona shaka, pampu."

Sikuwa na hakika na maneno hayo. Nilikuwa nimechoka na sikutaka aone kuwa sijui. Aliniamini. Akapakia magunia yake ya mbaazi, akaondoka kuja huku Ruangwa.

Mnamo tarehe 17, Ijumaa, saa 3:00 asubuhi, nilipigiwa simu na Hajra, mke wa Dastani. Alisema jana yake, kwenye mteremko karibu na Likunja, gari lilikataa kusimama. Dastani akalielekeza kwenye ukingo wa udongo, lakini ubavu wa gari ukampiga mama mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli. Alisema mumewe yuko mahabusu. Waliokuwepo wanadai alikuwa katika mwendo kasi. Dastani anasema pedeli ilizama, ila gari lilipofikishwa kituoni na breki kupampiwa, zilishika, kwa hiyo hakuna aliyemsadiki.

Hajra hakunilaumu. Alisema, "Fundi Nuhu, nenda ukawaambie breki ulizitengeneza vizuri, waone mume wangu si mzembe."

Nikamwambia, "Nitakwenda, shemeji." Siku hiyo sikufungua tena sanduku la spana.

Leo saa 4:00 asubuhi nilifika kituoni, nikaomba kuliona gari mbele ya Koplo Gabrieli. Nilivua tairi la mbele kushoto. Nati ya kutolea upepo ilikuwa imeangalia chini badala ya juu. Nikavua la kulia, vilevile. Kalipa ya kulia niliifunga kushoto, na ya kushoto nikaifunga kulia. Nati ikiwa chini mafuta hutoka masafi, lakini upepo unabaki juu, hautoki hata ukirudia siku nzima. Kosa hilo nimewahi kulicheka kwa fundi mwenzangu.

Nilizibadilisha, kila moja upande wake, nikatoa upepo. Povu lilitoka jingi. Koplo akakanyaga pedeli mwenyewe. Iligota juu kwa mkanyago mmoja.

Saa 6:00 mchana nilikwenda hospitali kumwona yule mama. Anaitwa Saada Hassani, mkulima wa Malolo. Amevunjika mguu wa kulia juu ya goti. Nilimwamkia, akaitika. Akaniuliza kama mimi ni ndugu wa dereva. Nikasema, "Hapana, mama. Mimi ndiye fundi." Akageukia ukutani. Nilikaa kidogo, kisha nikatoka.

Kama Dastani alikimbia au hakukimbia, sikuwepo. Ninachokijua ni kwamba aliniuliza habari ya breki, nami nikamwambia aende.

Nimesomewa niliyoyasema. Ndivyo ilivyokuwa, na naweka sahihi yangu.

(Sahihi) Nuhu I. Namkope

MAELEZO YA ASKARI: Shahidi amefika kwa hiari yake. Alipoanza kueleza habari za kalipa nilimsimamisha, nikamwonya kuwa maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Akasema niendelee kuandika. Saa 9:40 alasiri Dastani ametolewa mahabusu kwa dhamana, na Nuhu amebaki kituoni kwa uchunguzi. Wakati wa kuondoka, Dastani ameomba chakula alicholetewa na mkewe apewe Nuhu. Nimeruhusu.

(Sahihi) Koplo Gabrieli