Helmeti Juu ya Kofia

Mikindani, Mtwara
Ijumaa, baada ya Adhuhuri

Kwa kaka yangu mpenzi Kassimu,

Assalaam alaykum. Pokea salamu za nyumbani, na uzigawe hapo Morogoro kwa wifi yangu Somoe na watoto wote, usimpunje yule wa mwisho ambaye sijamwona hata picha. Hali zenu? Kile kikohozi cha Somoe kimekwisha? Sisi huku tunaamka na kulala salama, mikorosho imeanza kuchanua, na yule paka wako mwizi bado anaiba.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama Baba anaivaa helmeti ya baiskeli uliyomtumia. Nikakujibu anavaa, kisha nikarukia habari za mvua. Nina hakika ulishangaa, maana unajua mdomo wangu hauna breki. Sikukudanganya, kaka. Ila Baba alikuwa ameketi pembeni yangu, na simu yangu ukisema upande huo nyumba nzima inasikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua hii nampa jirani yetu Mwalimu Gideoni anayekuja huko likizo.

Siku helmeti ilipofika, Baba aliigeuzageuza akauliza kama umemtumia sufuria ya kukaangia. Wachuuzi wenzake wakamwita rubani. Mwenyewe aliipenda, usimwone hivyo. Tatizo likawa moja: Baba wa kutoka nje kichwa wazi umewahi kumwona wapi? Mimi niliyekulia humu ndani nimemwona hivyo akinyolewa tu. Basi akavaa kofia yake ya viua kama kawaida, na helmeti akaitua juu yake, imekaa huko juu kama kuku anayetaga. Mkanda haukufika kidevuni, akaulegeza mpaka mwisho. Mimi nilimtazama anavyoondoka na tenga lake la samaki, nikasema moyoni nusu shari kuliko shari kamili.

Akaanguka, kaka. Alikuwa anarudi kutoka vijiji vya njia ya Nanyamba, tenga tupu, anashuka ule mteremko wa kuingia kwetu, mbuzi akakatiza barabara. Walioona wanasema helmeti ilifika chini kabla ya mwenyewe, ikabingirika mpaka mtaroni, na Baba akapiga kisogo kwenye lami. Lakini aliinuka, akajipangusa, akatafuta kofia yake, akarudi nyumbani akisukuma baiskeli. Hakukuwa na damu. Alikunywa chai, akasema anamshukuru Mungu, na mimi nikaona yamekwisha.

Nilianza kushangaa siku ya kunde. Nilikwenda bombani nikamwomba aziangalie jikoni. Nikamkuta barazani anasoma Kurani yake kwa utulivu, na ni Raheli, mke wa Mwalimu, aliyekuwa anapiga kelele upande wa pili wa ua kwamba chakula chetu kinaungua. Baba akasema usingizi ulimpitia. Nikaenda kusugua sufuria, lakini nilimwona macho makavu kabisa.

Kisha Raheli huyohuyo akaniita pembeni, akanirudishia vibua alivyonunua kwa Baba asubuhi ile. Aliona haya kumwambia mwenyewe. Vilikuwa vimeharibika, kaka, harufu inakupokea mlangoni. Baba yule yule ambaye wavuvi walikuwa wakimficha samaki wa jana! Nikajiuliza, macho yamechoka? Nikampa sindano anitungie uzi, akatunga mara moja. Basi ni tamaa ya uzeeni? Wazo hilo liliniumiza mpaka nikakosa hamu ya kula. Lakini unanijua, jambo nisilolielewa haliniachi nilale.

Ijumaa iliyofuata aliniomba nimfukizie kanzu kabla ya msikiti. Nikatia makaa kwenye chetezo, udi sikutia. Nikampelekea makaa matupu. Baba akaitandaza kanzu yake juu, akavuta pumzi, akafumba macho, akanishukuru akasema udi wa leo ni wenyewe hasa.

Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikakiweka chetezo chini. Aliporudi kutoka msikitini nikamwambia nilichofanya. Alikasirika, akaniuliza ni nani aliyenifunza kumtega mzazi wangu. Kisha akakaa juu ya kibao cha kukunia nazi, pale jikoni, akakiri kwamba tangu siku ya mbuzi yule wa barabarani hasikii harufu ya kitu chochote. Akaniomba nisimwambie mtu, wewe hasa. Alisema mchuuzi wa samaki asiye na pua ni nani atanunua kwake, na mkijua mtamwambia apumzike nyumbani, naye akipumzika atakufa.

Nilimpeleka hospitali mjini. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia vizuri na kumwuliza maswali mengi, na mimi nikamwuliza yeye mengi zaidi. Alisema mishipa ya kunusia ni myembamba kama nyuzi, na kichwa kikipigwa kwa nguvu, hata nyuma, inaweza kukatika. Harufu inaweza kurudi, inaweza isirudi. Hakutaka kuapa kwamba helmeti ingezuia yote, ila alisema kofia ngumu isiyokaza kichwani ni pambo tu. Ikae kwenye kichwa chenyewe, ishuke mpaka juu kidogo ya nyusi, mkanda ukaze kidevuni, na chini yake kusiwe na kofia wala kilemba. Na wewe unayempakia mtoto kwenye baiskeli kwenda shule, nakuomba uyasome maneno hayo mara ya pili. Yeye unamvisha nini?

Sasa Baba anaivaa kwenye upara wake. Siku ya kwanza alikuwa anaitafuta kofia kichwani kwa mkono kila akipita mtu, kama mtu aliyetoka bila kanzu. Kofia yake anaikunja mfukoni, akifika anaivaa kwanza ndipo asalimie. Alfajiri tunakwenda wote kununua samaki, mimi nanusa, yeye anafunua mashavu ya samaki na kupatana bei. Wavuvi wananiita mama mkaguzi. Raheli amerudi kuwa mteja wetu.

Lakini lililonifanya niandike si hilo. Jana Baba aliniita chumbani kwake, akaniambia alivyojua kwamba pua imekufa. Jioni ile ile ya kuanguka alifungua sanduku la Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kumbe ipo kanga yake moja ambayo Baba hakuruhusu ifuliwe tangu msiba, na miaka yote hii, akizidiwa na upweke, huifungua akainusa. Siku ile alinusa akakuta kitambaa tu. Jana akanikabidhi kanga ile kwa mikono miwili, akaniuliza kama harufu ya Mama bado ipo, au imetoka kabisa.

Nilinusa, kaka. Nilizika uso mzima mle ndani. Inanuka mbao za sanduku, basi. Sijui harufu ya Mama imetoka lini, labda zamani kabla hata ya ajali, na Baba alikuwa ananusa mapenzi yake mwenyewe. Nilimwambia ipo. Nikamtajia asumini, na mafuta ya nazi, na moshi wa jikoni. Baba alilia, akaikunja upesi, akafunga sanduku na ufunguo ili isizidi kutoka.

Anasema ukija Idi atakupa na wewe unuse, apate shahidi wa pili. Nakuomba, ndugu yangu, na wewe uikute.

Msalimie sana Somoe, wabusu watoto, na Mwalimu Gideoni umpe chakula kizuri, ametubebea mzigo. Baba anakusalimu, ananiuliza ninaandika nini kirefu hivi, nimemwambia ni habari za paka.

Mimi mdogo wako,
Husna Hemedi