Nilimshusha Mama Mkwe Mlimani, Kumbe Injini Imejaa Masizi

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, nakuandikia nikiwa peke yangu sebuleni, mke wangu yuko kwa mama yake siku ya tisa leo na simu zangu anazipokea shemeji, kwa hiyo nisaidie haraka.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kinu cha kusaga nafaka, kazi yangu miaka kumi na mitano ni kupima magunia, na bila kujisifu nikiutazama mzigo kwa macho tu nakutajia kilo zake na mizani inakubali, sasa mwaka juzi nilinunua gari dogo lenye turbo, nikaambiwa hili ukikanyaga mafuta linaruka, na kweli mwanzoni liliruka, lakini miezi ya karibuni likawa zito, nikikanyaga linafikiri kwanza, asubuhi linatetemeka kama lina homa, na kwenye kilima cha kwenda hospitali linapanda kwa kuugulia mpaka wenye baiskeli wananipita na wengine wananisalimia.

Mtu mwingine angekwenda kwa fundi, lakini mimi nikajiambia kinachoshindwa kupanda kimezidiwa mzigo, basi nikaanza kupunguza, nikatoa tairi la akiba, nikatoa jeki, nikatoa viatu vya mke wangu vilivyohamia kwenye buti la gari, nikatoa hata mazulia ya chini, nikawa natembea na robo tangi ya mafuta, wapi, ikawa hakuna kilichobaki cha kutoa isipokuwa watu, na siku hiyo nilikuwa nampeleka mama mkwe hospitali kwa ajili ya magoti yake, yeye nyuma, mke wangu mbele, gari likafika katikati ya kilima likaanza kutweta, nikasimama pembeni, nikamgeukia nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, samahani, wewe ni kilo tisini na nne hivi, ukishuka hapa tutakusubiri pale juu."

Shangazi, hakugomba. Alishuka, akafunga mlango polepole, akaanza kupanda kwa miguu huku ameshika kiuno, mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona tangu tuoane, naye akashuka akamshika mama yake mkono, na mimi kwa kuwa nilitaka kujua matokeo nikaendesha peke yangu hadi juu, gari likapanda kwa taabu ile ile, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba huenda tatizo si mzigo.

Kesho yake nikaenda kwa fundi tunayemwita Miwani, nikamsimulia yote, akachomeka kompyuta yake, akakagua mipira ya hewa ya turbo akakuta mmoja umepasuka unavujisha, kisha akafungua njia inayoingiza hewa kwenye injini akaniita nichungulie, nikaona valvu, yaani milango ya hewa, zimegandiwa na masizi mazito utadhani sufuria ya kupikia kwa kuni, akaniuliza, "Gari hili kwa siku linakwenda wapi?" nikasema nyumbani hadi kinuni, dakika sita, akauliza, "Na oili unabadilisha lini?" nikasema oili nikiitazama bado naiona nzuri tu, akavua miwani akaipangusa, akasema, "Mzee, injini inakosa hewa. Mama wa watu hana hatia."

Nilimwomba aniandikie karatasi kwamba uzito nao ulichangia, walau asilimia kumi, akakataa. Nifanye nini mke wangu arudi na mama mkwe anisamehe, bila kuonekana nimekosa sana?

Ni mimi, Mpima Magunia

SHANGAZI ANAJIBU

Mpima Magunia, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai, mara ya pili nilikasirika. Pole kwa upweke, najua nyumba ikinyamaza inavyouma, lakini uliitafuta mwenyewe.

Nianze na gari kwa kuwa ndilo rahisi. Mwache Miwani abadilishe huo mpira, kisha azisugue valvu kwa dawa na brashi mpaka chuma kionekane, wala usimsimamie kichwani, hiyo ni kazi ya siku nzima. Kwenye injini kama yako mafuta yanarushiwa ndani moja kwa moja, hayapiti juu ya valvu kuziosha, hivyo mvuke wa oili unaganda pale pale. Wewe ukazidisha kwa safari za dakika sita ambazo injini haipati hata joto, na kwa oili unayoipima kwa macho. Oili si gunia. Ibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ikiwezekana kabla. Mara moja kwa wiki lipeleke barabara kuu likimbie nusu saa. Hilo halitaondoa masizi ya zamani, ila mapya yatachelewa. Na kinuni nenda kwa miguu, wewe magoti yako ni mazima.

Sasa tuje kwako. Ulitoa tairi, ukatoa jeki, ukatoa viatu, ukafika kwa mama. Katika kupunguza kote huko haikukupitia akilini kushuka wewe? Halafu ukamtajia mama wa watu kilo zake mbele ya binti yake. Mkwe hatumtajii hata namba ya kiatu, ndugu yangu, sembuse kilo, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba naamini ulipatia.

Unataka njia ya kuomba radhi bila kuonekana umekosa. Haipo. Mimi mwenyewe niliitafuta miaka ishirini ya ndoa yangu na sikuipata.

Jumamosi nenda kwa mama mkwe. Gari liache nyumbani hata kama limepona, maana ukifika nalo utaanza kuwaonyesha linavyovuta. Usianze na mke wako. Aliondoka kwa ajili ya mama yake, na moyo wake hautatulia kabla wa mama haujatulia. Kaa utakapoonyeshwa, useme, "Mama, nilikushusha ukiwa na maumivu, nikakuacha upande kilima kwa miguu. Nimekukosea." Kisha funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye, usimletee habari za valvu.

Ila kabla ya Jumamosi kuna jambo moja. Umenieleza kwa kirefu mpira uliopasuka, masizi, oili, na kilo za mama. Nimetafuta mstari unaosema daktari aliwaambia nini siku ile kuhusu magoti yake, sikuuona. Kama hujui, piga simu leo, na shemeji akipokea, muulize hilo kwanza.