Wasifu wa Lameck Bila Taa Zake

Jumatatu, 4 Juni 2012

Nageuza kahawa kwenye chanja tangu asubuhi. Jua hafifu, itachelewa kukauka. Mchana ikafika taarifa: Lameck amefariki. Fundi baiskeli wa hapa Igamba, rafiki yangu. Tumbo lilimsumbua muda mrefu.

Jioni nilikwenda msibani. Mjane wake, Mama Neema, ameniomba niandike wasifu wa kusomwa makaburini. Ndiyo kawaida yetu: kazi hiyo hupewa mwalimu mstaafu. "Mwalimu, ile picha usiiache," akasema. Nikaahidi.

Jumanne, 5 Juni

Nimeandika. Nieleze hapa pia, ingawa hakuna atakayesoma. Lameck alinunua kamera kwa Mzambia pale mpakani Tunduma. Alipiga picha kwa kupenda tu, hakumtoza mtu. Jioni moja, zamani, taa tatu zilisimama juu ya kilima. Zikatulia. Zikapanda, zikapotea. Si ndege. Si magari, kule hakuna barabara. Akazipiga picha. Nilikuwa kando yake, niliziona kwa macho yangu. Filamu iliposafishwa zikaonekana zote tatu, na watu wakaanza kumwita mchawi. Watoto wakakatazwa kwenda kwake. Picha hakuificha hata siku moja.

Jumatano, 6 Juni

Tumemzika.

Asubuhi kaka yake, mzee wa kanisa, alinivuta nyuma ya jiko. "Mwalimu, hayo ya taa yatoe. Mchungaji yupo, wakwe wapo. Unataka ukoo mzima tuitwe wachawi?" Nikamweleza kwa utaratibu kwamba kamera haina uchawi, hunasa mwanga uliopo. Nilieleza vizuri sana. Kisha nikachukua kalamu, nikayafuta.

Nikasoma: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto. Mama Neema alikuwa ameinua uso, anasubiri. Nilipofika kwenye ugonjwa akaelewa. Akainama.

Baadaye akanishika mkono. "Asante, Mwalimu. Umesoma vizuri."

Njiani jirani yangu Simon hakuniacha. "Yule uliyemsoma ni nani, Mwalimu? Mimi nilikuja kumzika Lameck."

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 7 Juni

Sikwenda msibani. Nimesema nina mafua. Uongo.

Jumamosi, 9 Juni

Matanga yameisha. Wamegawa vitu vya marehemu. Koti kwa kaka yake, spana kwa mpwa. Mama Neema akaniletea picha, kaizungushia kanga. "Itunze wewe. Kwangu shemeji ataichoma."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana mbele ya watu.

Jumapili, 17 Juni

Nimeitundika sebuleni. Leo mgeni kutoka Mbebe ameuliza ni nini hiyo. Nikamwambia: taa, alizipiga picha Lameck wa hapa Igamba, na mimi nilikuwepo. Taa za nini? Sijui, nikasema.

Akaitazama kidogo. Akaomba maji ya kunywa.

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Mama Neema hakuwepo kusikia.