Vitambulisho Thelathini na Vinane

Jumatatu, 2 Machi
Mashine ya kusaga imelala tena. Wateja watatu tangu asubuhi. Risper, jirani yangu, kaleta nusu gorogoro ya mahindi aliyochanganya na muhogo. Huyu alikuwa akileta debe zima wakati mashimo ya dhahabu hapa Osiri yalikuwa yakilipa! Sasa yamefungwa, mumewe anashinda nyumbani akinoa sururu isiyo na kazi. Soko lina watu, hakuna anayenunua. Na bado waheshimiwa wamepandisha ushuru wa meza. Wanawake wa soko wameapa: uchaguzi mdogo wa tarehe 19, mgombea wa hao waheshimiwa haoni kura yao.

Jumatano, 4 Machi
Ogeto, mwenye duka Oyugis, kaja na pikapu ya mahindi. Ati msaada. Nisage, nigawe, kila anayepokea aache kitambulisho aandikwe, kitarudi Jumatatu.

Mashine ilinguruma kutwa! Vumbi la unga mpaka kwenye nyusi — nilikuwa nimelisahau. Wanawake waliacha vitambulisho bila swali. Kwangu huacha mikebe kwenye foleni wakaenda sokoni, na miaka kumi na moja hakuna aliyepoteza hata konzi moja. Thelathini na vinane. Nikatoa na changu, Ogeto akakirudisha: "Yako kaa nayo, mama. Wewe ni mtu wetu."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumanne, 10 Machi
Jumatatu imepita. Simu ya Ogeto haipatikani. Nimewaambia orodha ni ndefu.

Alhamisi, 12 Machi
Risper kauliza tena, kwa upole. Anasema bila kura zao wenye ushuru watapita tu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Machi
Oyugis. Sikwenda kanisani. Ogeto yuko dukani, mzima kabisa, akanipa soda. Nikaomba bahasha aliyotilia vitambulisho. Akasema vitarudi tarehe ishirini, kwani hawajakula?

"Lakini kura ni tarehe kumi na tisa," nikamwambia.

"Si ndio maana, mama. Hiyo siku wapumzike."

Nilirudi nimejikunyata kwenye kiti cha matatu. Na kusema kweli, siku ile ya mahindi nilinusa kitu. Sikuuliza. Nilitaka mashine ingurume. Hapa Osiri nilipita mbele ya kituo cha polisi mara mbili, nikashindwa kuingia. Ningesema nini? Aliyevikusanya ni mimi.

Jumanne, 17 Machi
Nimewaambia. Ama nusu. Nimesema Ogeto ametudanganya, amevificha vyote, na changu kimo. Sijui uwongo huo ulitoka wapi. Mmoja aliondoka bila kuaga, wengine walitazama chini. Risper akanishika mkono. "Pole, Mama Tony. Kumbe hata wewe."

Nikamwacha aushike.

Alhamisi, 19 Machi
Saa tisa alasiri. Sijafungua mashine. Kutoka dirishani naona lango la shule wanakopigia kura. Foleni fupi. Wanawake wa soko wamekaa kando ya ua, wametandika leso, wanatazama wanaoingia. Walijaribu asubuhi, wakarudishwa.

Kitambulisho changu kiko ndani ya Biblia. Nikienda, nitapita mbele yao nacho mkononi. Nisipoenda, Ogeto amepata cha thelathini na tisa, bila hata kuniomba.

Najuta. Nimeandika neno hili mara tatu na kulifuta, na bado nimeketi.

Kituo kinafungwa saa kumi na moja. Risper amekuja, amekaa kizingitini na birika. Ati siku kama ya leo nisikae peke yangu. Ameniita mara mbili — chai inapoa.