Tiketi Namba Mia

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, ingawa kichwa kama changu mtaa huu haujazaa kingine, na shule niliiacha katikati ili walimu wapumue. Kazi yangu ni kuuza vipande vya programu, yaani kama seremala anavyonunua bawaba akaifunga kwenye mlango wake, ndivyo watengeneza programu wanavyonunua kipande changu cha kuita foleni, kile kinachotangaza "namba kumi na nane, dirisha la pili", wakakitia kwenye programu zao, unalipa mara moja, ni chako mpaka uzeeke. Shemeji yangu, mume wa dada, yeye hukodisha programu nzima na kutoza kila mwezi, basi ananicheka, "Wewe umeuza ng'ombe, mimi nauza maziwa," nami humjibu, "Ng'ombe wako ana kwato mbovu, ndiyo maana humtoi zizini."

Kinachonichosha ni wateja. Walilipa mara moja, simu wanapiga kila siku, juzi mmoja kalalamika foleni imekuwa bubu, kumbe spika haijachomekwa. Nikaanza kuwafungia namba zao mmoja mmoja, hata fundi wa zahanati ya macho, ambaye alikuwa ameandika "kaka, foleni yako ikifika mia", sikumaliza kusoma. Je, nihamie malipo ya kila mwezi, angalau wanisumbue kwa haki?

Kuna jingine, dogo tu. Jumanne mama alikwenda zahanati hiyohiyo, jicho lake linaingia ukungu, akapewa tiketi namba mia, na kipande changu kikitoka tisini na tisa kinarudi moja, mia hakiiti, kwa sababu siku ya kukijaribu nilichoka nikiwa namba sitini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka wakafunga. Aliporudi akasema, "Mwanangu, aliyetengeneza kile kitu hana mama."

Nami nikamjibu, "Kweli mama, hana."

*Mshauri anajibu:*

Kijana, hilo dogo ndilo barua yako, mengine ni maringo. Pole zangu zote nampa mama, wewe subiri. Kuuza mara moja si kosa, na shemeji yako asikubabaishe. Ila seremala aliyeuza bawaba, mlango ukigoma, hajifungii ndani akazima simu. Na anayewafungia waliolipa mara moja atawafungia hata wanaolipa kila mwezi, unajijua.

Leo wafungulie wote, ukianza na yule fundi, na umwombe radhi. Rekebisha kipande, kijaribu mpaka mia tatu hata ukisinzia, uwatumie wote bure, maana ubovu ni wako. Wasiojua kuchomeka spika waandikie ukurasa mmoja wa maelezo. Wakipiga tena, watoze.

Lakini kabla ya yote, mwambie mama yako kwamba aliyetengeneza kile kitu anaye mama. Atakalokwambia, meza. Kesho mpeleke mwenyewe, chukua tiketi, ukae naye kwenye benchi lile mpaka aitwe.