Kijitabu Kutoka Gachoka

Embu mjini,
Alhamisi, 9 Juni 2016

Mdogo wangu Kiende,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Sisi tu wazima. Lenah amepona kile kifua kilichomsumbua tangu Pasaka, na watoto wanaenda shule bila kusukumwa, jambo ambalo si la kawaida kwao. Natumaini wewe na Mukiri mko salama, na kwamba goti la mama limetulia kabla baridi haijakaza. Nasikia mvua ya Igembe ilikatika mapema. Huku ilizidi, na maharagwe yetu mengi yameozea shambani. Barua hii nampa Bundi, yule dereva wa pikapu ya miraa. Hupitia hapa akirudi Maua na gari tupu, na namwamini kuliko posta.

Uliniuliza jambo moja: utie sahihi fomu ya Somo Sawa, ule mradi wa kufundisha kwa tableti, au usitie. Uliniambatishia kile kijitabu mlichogawiwa, chenye habari za shule ya Gachoka, ukaniambia mimi ni mtu wa habari, niangalie kama ni kweli. Siku ya mwisho ni Ijumaa ijayo. Najua kilicho mbele yako. Huu ni mwaka wa sita ukiwa mwalimu wa bodi, serikali haijakuajiri, na mwalimu wenu mkuu, Bi Ednah, amewaambia wazi kwamba asiyetia sahihi hatapata darasa muhula wa tatu. Nikikushauri vibaya, utapoteza kazi. Ndiyo maana sikukujibu kwa simu. Nilitaka kwanza nione kwa macho yangu.

Nilianza na fomu yenyewe. Kurasa tatu za kwanza ni pongezi. Kifungu cha sita, ukurasa wa nne, kinasema mwalimu atafuata maelekezo ya tableti neno kwa neno, na kwamba taarifa yoyote kuhusu somo lake, ikusanywe kwa njia yoyote ile, yaweza kutumika katika uamuzi wowote kumhusu. Nilikisoma mara tatu. Nimeona mikataba mingi kazini, na neno “yoyote” likirudiwa hivyo, kuna mtu anajitayarishia njia.

Nikampigia afisa wa mradi hapa Embu, Bwana Kathuri. Ni mtu wa adabu, hakati simu. Aliniambia masomo hayo yameandikwa na wataalamu, na kwamba mradi uko katika nchi saba. Lengo liliwekwa na wafadhili kwenye mkutano wa ng'ambo: mtoto wa darasa la pili asome maneno arobaini na tano kwa dakika. Nikamwuliza ni nani aliyechagua arobaini na tano. Akasema ni kipimo cha dunia. Nikamwuliza ni kwa lugha gani, maana maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko ya Kiingereza, na ya Kimbeere, lugha ya watoto wa Gachoka, yana urefu wake. Akasema atauliza anijibu. Mpaka leo sijapata jibu.

Jumatatu nilienda Gachoka. Shule iko nje kidogo ya soko, madarasa manane na mti mmoja wa kivuli ambao walimu wameuzungushia pikipiki zao. Mwalimu mkuu, Bwana Njoka, alinikumbuka. Kwa nini alinikumbuka nitakueleza mbele. Alinikaribisha kwa kejeli, kwamba watu wa magazeti hunywa chai ya shule kisha huandika walichotumwa, lakini chai akanipa. Walimu wake wameipa tableti jina la mama mkwe, kwa sababu inakaa kimya mezani, inasikia kila kitu, na jioni inapeleka habari. Mmoja alisema yeye huiamkia kila asubuhi kabla ya kuwaamkia watoto, maana watoto hawana ripoti ya kuandika. Walicheka. Nilitazama walicheka wakati gani. Kicheko kilikuja baada ya tableti kufungiwa kabatini.

Takwimu za Njoka ni za kweli. Kabla ya mradi, darasa la pili lilisoma maneno kumi na tisa kwa dakika. Sasa ni arobaini na saba. Nilimwomba msichana mmoja anisomee ukurasa. Alisoma mbio, bila kukosea, bila kupumua. Nikamwuliza hadithi ilikuwa ya nani. Akanitazama, akaniuliza kama saa imeanza. Nikajaribu watoto wengine wanne. Mmoja tu ndiye aliyejua kwamba ukurasa ule ulikuwa juu ya mbuzi aliyepotea.

Nikahesabu walimu. Mradi ulipoanza, shule ilikuwa na walimu wa bodi watano. Leo ina wawili. Darasa la pili na la tatu yameunganishwa, na anayewasomea tableti ni dada mmoja aliyekuwa akiuza vocha sokoni, akafunzwa kazi kwa siku kumi. Si mvivu na hana roho mbaya. Aliniambia kazi si ngumu: sentensi ikitokea anaisoma, swali likitokea analiuliza, na kengele ya tableti ikilia anafunga somo, wawe wameelewa au la. Nikamwuliza Njoka kama wale watatu walipunguzwa kwa sababu ya tableti. Akasema hakuna barua inayosema hivyo. Nilimwamini. Mambo ya namna hii hayaandikiwi barua. Mwalimu akishakuwa msomaji wa maandishi ya mtu mwingine, bodi yoyote itajiuliza kwa nini isitafute msomaji wa bei ya chini.

Sasa nifikie yule mwalimu wa ukurasa wa tisa. Katika kijitabu chako yumo, amesimama mbele ya watoto, na chini ya picha wameandika kwamba Mukami ni mfano wa mwalimu mpya. Uliniandikia kwamba picha hiyo ndiyo iliyokutuliza moyo, kwa sababu anafanana na mtu anayeipenda kazi yake. Mukami hayuko shuleni. Nilimkuta sokoni Gachoka akimpimia ndengu mfanyabiashara mmoja, ameshika kijiko cha bati. Aliondolewa Aprili mwaka jana, wiki tatu kabla ya kijitabu kuchapwa. Picha waliiacha.

Hakushtuka kuniona. Alimaliza kupima gunia alilokuwa nalo, akajifuta mikono, akaniuliza jambo moja tu.

“Wewe ndiye uliyeandika saa nne na dakika kumi?”

Nikamwambia ndiyo.

“Nilijua. Darasani hakuna mwingine aliyekuwa anatazama saa.”

Kiende, hili ndilo nililokuwa nikilizungukia tangu mwanzo wa barua. Kijitabu hicho nilikiandika mimi. Hakina jina langu kwa sababu mradi haukutaka jina, na mimi sikulidai. Februari mwaka jana gazeti lilikuwa limetupumzisha nusu yetu, Kathuri akanitafuta, nikakubali. Niliketi siku moja katika darasa la Mukami, Jumatano tarehe kumi na moja, nikaandika nilichokiona, kama nilivyozoea.

Nilichokiona ni hiki. Somo lilikuwa la kutoa, arobaini na mbili kutoa kumi na saba. Tableti ilieleza, watoto hawakuelewa. Ikaeleza tena kwa maneno yale yale. Saa nne na dakika kumi Mukami aliilaza kifudifudi mezani, akawatuma watoto nje waokote vijiti. Akawaambia kwa Kimbeere wafunge mafungu manne ya vijiti kumi kumi, kama kuni za kubeba nyumbani, na vijiti viwili vibaki mkononi. Kisha akasema jirani amekuja kuomba vijiti kumi na saba. Wakakuna kichwa. Mtoto mmoja akasema jirani huyo arudi kwao, hana haya. Wakacheka wote, Mukami akiwamo. Halafu msichana mmoja akafungua fungu moja bila kuambiwa, akahesabu, akasema ishirini na tano. Ilichukua dakika kumi na moja. Wote walielewa. Sijaona somo zuri kuliko lile, na ninasema hivyo nikiwa nimekuona wewe ukifundisha.

Nililiandika aya nzima, na saa, na dakika, na lugha. Nilidhani namsifu. Kathuri alinirudishia rasimu, aya hiyo imepigwa mstari, na pembeni ameandika kwa mkono: mwalimu gani, darasa gani, muhula gani? Nilidhani anahakikisha usahihi. Nikamjibu siku hiyo hiyo, jina kamili, na nikaongeza kwamba aliniambia hufanya hivyo karibu kila wiki. Aya haikuchapwa. Ilisomwa kwenye kikao cha bodi kama ushahidi kwamba mwalimu hafuati mradi. Mukami alikuwa ametia sahihi fomu kama yako, yenye kifungu cha sita kama chako. Bodi haikumwongezea mkataba.

Nilisikia fununu kwamba ameondoka, mwaka huo huo, na sikuuliza. Mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Sokoni nilimwomba radhi. Alisikiliza, kisha akasema bila ukali, “Ungeandika uongo kidogo, mtu wa habari, ningekuwa darasani.” Akarudi kwenye mizani yake.

Kuna la mwisho. Mwezi uliopita Kathuri aliniomba niandike kijitabu cha pili, cha upande wa Maua. Shule yenu ni ya kwanza kwenye orodha. Jana nilimwandikia kwamba sitaandika, na sababu nimezitaja. Lakini hilo halizuii kitu. Watampata mwingine kabla ya mwezi kwisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kifungu cha sita ni barua ya kukufukuza iliyoandikwa mapema, tarehe tu ndiyo haijajazwa. Usikitie sahihi. Mkutane walimu wote wa bodi kabla ya Ijumaa, mmwambie Bi Ednah mtatia sahihi nyote siku kifungu hicho kikifutwa. Mkisimama nyote kumi na mmoja, hawezi kuwanyima darasa wote. Ukiwa peke yako anaweza. Nimekuwekea humu rasimu yangu yenye ule mwandiko wa Kathuri. Wasomee wenzako, pamoja na barua hii, na usifiche kwamba mwandishi ni kaka yako.

Na kama mtashindwa, ukalazimika kutia sahihi, basi kumbuka hili. Atakuja mtu mpole mwenye daftari. Ataketi dawati la nyuma, atacheka pamoja na watoto, atakusifu kwa moyo wake wote. Akiwepo, soma tableti neno kwa neno mpaka atoke. Huyo atakayekupenda ndiye wa kumwogopa.

Nisalimie Mukiri na watoto, na mama umsalimie kwa mikono miwili. Lenah anawasalimu nyote, pamoja na wa kanisani. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana Agosti. Jina la Mukami nimelitaja humu kwa ruhusa yake. Safari hii nilimwuliza.

Ni mimi kaka yako,
Ishmael Mbaabu