Plasta za Nidia

El Morral, Chiquimula
Siku ya Watakatifu Wote

Mwanangu Obdulio,

Pokea salamu za mama yako, pamoja na pole za kifungo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile taya waliloliunga halikusumbui tena wakati wa baridi. Ukiniuliza hali yangu, mimi niko kitandani. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kumwona. Siku hizi akija anazungumzia mvua. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, namjua mtu anayekwepa swali. Jirani yetu Chabela ndiye anayenipikia uji na kunigeuza. Anakusalimu, kwa shingo upande.

Barua yako niliipata. Unasema utatoka kabla ya Krismasi, na kwamba kitu cha kwanza utakachotaka kwangu ni kuambiwa mkeo Telma yuko wapi na mtoto, ili ule mkono uliokupiga kwa nyuma uukate, mlingane. Najua hukuandika kwa mzaha. Kwa hiyo nami nakujibu bila mzaha, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana. Hata shuleni ulikuwa hivyo, ukiona wino mwekundu unachana daftari zima.

Unakumbuka asubuhi aliyozaliwa Nidia. Mkunga alipofungua kitambaa, tuliona nyayo zimegeukia ndani, zinatazamana kama wasengenyaji. Ulikuwa umesimama mlangoni, mkanda umeshauvua kiunoni, unauliza nani amekuletea kitu hiki ndani ya nyumba. Telma alifungua kinywa. Mimi nikamtangulia. Nikasema ni kupatwa kwa mwezi. Kwamba usiku ule alitoka uani kufukuza kuku na mimba yake, bila mkasi wa kinga kiunoni, bila hata kitambaa chekundu tumboni. Mkunga akaitikia kwa kichwa, maana hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba mwezi ukiliwa, nao hula kitu kwa mtoto aliye tumboni. Basi ukampiga. Ulimpiga maziwa yakiwa hayajamtoka. Alianguka kati ya kitanda na ukuta, akawa anasema, "Mkasi nilivaa, Obdulio, nakuapia nilivaa," nawe unamwambia hata uongo hajui kusema. Mimi nilimbeba mtoto nikageukia ukutani.

Ni mimi huyo huyo niliyekufundisha kupatwa kwa mwezi, darasa la nne, kwa chungwa na taa ya mafuta. Ulinyoosha mkono ukasema, "Kwa hiyo, mwalimu, mwezi hauliwi na mtu." Nikakupa alama zote.

Baada ya hapo uliondoka kwenda Zacapa na lori la matikiti, ukawa unarudi na kuondoka, na kila ukirudi kulikuwa na kitu cha kuvunjika: sahani, kiti, jino la Telma. Mtoto alifichwa kwenye blanketi mpaka alipotaka kusimama mwenyewe. Alisimama kwa ubavu wa nyayo, akatembea hivyo, ngozi ya juu ya mguu ikichubuka kwenye sakafu. Hapo sikuvumilia. Nikamwambia Telma tumpeleke hospitali ya mjini akanyooshwe miguu, na tukaenda bila kukuomba ruhusa.

Nataka ujue kazi ile ilivyokuwa, maana hukuwepo. Mtoto mchanga hufungwa plasta akinyonya, hana habari. Wetu alikuwa na meno na akili. Telma alimshika mabega, nesi magoti, daktari akawa anausukuma mguu polepole kuelekea nje huku mwingine akizungushia kitambaa cha plasta kilicholowa, kuanzia vidole mpaka juu ya paja. Nidia alimng'ata nesi mpaka damu. Alipiga kelele kama nguruwe wa sikukuu. Njia ya kumtuliza niliigundua mimi: chupa ya uji wa mahindi, wenye sukari nyingi, anapewa mguu wa kwanza unapoanza kufungwa, asiipate kabla. Mtoto anayenyonya hulegeza miguu.

Nyumbani ndiko vita vilikokuwa. Alikuwa ameshaonja kutembea, sasa amefungwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, mizito kama mawe ya jikoni. Siku za mwanzo alijipiga kichwa ukutani kwa hasira. Halafu akagundua ana silaha. Alimpiga mbwa wa Chabela pua ikavimba. Alinipiga mimi mdomoni nikimbadilisha nepi, nikatema jino. Telma alicheka hadi akaketi chini, kisha akaona aibu, akaniomba radhi. Nikamwambia, "Cheka, mwanangu, hilo jino lilikuwa linanidai kaburi." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mkeo akicheka.

Tulijifunza. Tulibana vidole vyake kuona kama damu inarudi. Akiwashwa hatukuingiza kijiti, tulipuliza kwa kipepeo cha jikoni. Mikojo tuliizuia kwa mfuko wa plastiki pembeni ya nepi. Telma alimshonea suruali za miguu mipana kwa mapazia yangu. Nilimchorea kuku kwenye plasta ya kulia na bata kwenye ya kushoto, akawa anawalisha punje za mahindi na kuwakemea wasipokula. Akaanza kujiburuza kwa makalio, akawa anawahi kila mahali kabla yetu. Kila wiki, asubuhi ya kwenda hospitali kubadilishwa plasta, tulimkalisha kwenye beseni, tukailowesha plasta ya zamani mpaka ikafunguka, na kila mara tulikuta mguu umegeuka kidogo zaidi kuliko safari iliyopita. Telma alikuwa anaubusu mguu ule hata kabla hajaufuta matope.

Kisha ukaja wewe, siku ya mapambano ya majogoo.

Maneno waliyokuambia uwanjani niliyapata baadaye kwa Chabela, ambaye mumewe alikuwepo. Jogoo wako alishindwa, na Macario mchinja nguruwe akasema mbele ya watu wote, "Usihuzunike, Obdulio, kamlete yule kifaranga wako wa nyumbani, si umeshamvalisha buti za chokaa?" Watu wakacheka. Nawe ungeweza kupigana na Macario. Macario ana mikono kama yako na kisu kirefu kuliko chako. Ukaja nyumbani.

Uliingia na panga. Mtoto alikuwa sakafuni analisha kuku wake. Ulisema utamtoa hizo aibu, kwamba hukuzaa sanamu ya kanisani, na ukalishusha panga kwenye plasta ya kushoto. Ilipasuka. Nidia alikutazama tu. Nadhani alisubiri umwombe radhi. Ulipoinua mara ya pili Telma alijitupa juu yake, akakinga kwa mkono. Vidole viwili vilibaki sakafuni karibu na mahindi. Damu ilimwagika juu ya plasta nyeupe, juu ya bata. Nawe ukainua mara ya tatu.

Umeniandikia kwamba Telma alikupiga kwa nyuma. Mwanangu, Telma alikuwa mbele yako, chini yako, amemlalia mtoto, na mkono wake mmoja hauna kitu cha kushikia. Angekupigaje? Lakini ulizinduka hospitali umefungwa pingu, na polisi walishaandika kwamba yeye amekiri. Alikiri kweli. Alisema hivyo kunikinga mimi, kabla hata hawajamshona, akaniminya kwa mkono wake mzima ninyamaze. Nami nikanyamaza. Hakimu alipouona ule mkono alimwachia.

Nilikupiga mimi, kwa mchi wa jiwe la kusagia mahindi. Nililenga kichwa, nikapata taya. Sikutaka kukuzuia, Obdulio. Nilitaka kukuua, na nilijuta baadaye tu, ulipoanza kukoroma damu na nikatambua ni ule mkoromo wako wa utotoni.

Siku ile ile, kwenye chumba kimoja, Telma alishonwa na Nidia akafungwa plasta nyingine. Hakulia. Aliinyonya chupa yake akimtazama mama yake anavyochomwa sindano. Tuliendelea mpaka miguu ikanyooka, na mwishoni daktari akamkata kidogo nyuma ya kila kisigino, kuulegeza ule mshipa mgumu. Yamebaki makovu mawili, mafupi kama ukucha.

Sasa vua viatu vyako, mwanangu.

Hayo uliyonayo nyuma ya visigino, niliyokuambia ni ya waya wa miiba, si ya waya. Ulizaliwa na miguu ile ile. Kaka yangu aliyefariki mdogo alizaliwa nayo, na mama yetu alisema alikuwa na mjomba wa namna hiyo. Imetoka kwangu, ikapitia kwako. Ulipozaliwa kule mji mkuu, baba yako alinipiga kwa ajili ya miguu hiyo mpaka sikio langu la kushoto likafa. Nilikupeleka ukafungwa plasta moja baada ya nyingine nikiwa nimejifunga kilemba kuficha uvimbe. Wewe pia uliipenda chupa ya uji. Kwa Nidia sikugundua kitu, nilikumbuka. Risasi ya baani ilipomchukua baba yako, niliomba uhamisho kuja kufundisha huku ambako hakuna anayetujua, na picha yako ya pekee ukiwa na plasta nikaichoma.

Kwa hiyo asubuhi ile uliposimama mlangoni na mkanda, nilimwona baba yako mzima mzima, na hofu ikanishika kama msichana. Ningeweza kusema, "Vua viatu utazame." Maneno machache tu. Badala yake nikamtupia Telma mwezi. Kila pigo ulilompiga kwa ajili ya miguu ile lilikuwa langu, na lile la mchi, ambalo pia ni langu, akalibeba yeye. Mwanamke asiye na damu moja nami amenibebea mara mbili, na mimi ndiye niliyesoma.

Walipo sitakuambia. Chabela hajui, padri hajui, na mimi nakwenda nako kaburini. Nidia anakimbia, hilo tu ndilo lako kulijua. Aliniambia akiwa mkubwa kidogo kwamba anakumbuka bata lakini panga halikumbuki, na sijui kama ni kweli au ananionea huruma.

Ukitoka, njoo huku. Ikiwa bado unatafuta mtu wa kupigwa kwa miguu ile, au mkono wa kukata, mtu ni mimi niliyelala hapa, mkono ni huu wa kulia unaoandika. Chabela nitamwambia asikuzuie. Na ukija bila kutaka kumpiga mtu, maharage yatakuwa jikoni.

Nisalimie mzee Toribio mnayelala chumba kimoja, na umshukuru kwa kukufundisha useremala. Umeze dawa za taya, uvae nguo nzito. Mungu akulinde huko na akulinde na nafsi yako.

Ila usikawie njiani, Obdulio. Sina uhakika wa Krismasi.

Mama yako,
Herlinda Orellana